Mfano wa Njia ya Kwanza

Mimi sikuomba kukitafsiri kijitabu kile. Kilikuja katika bahasha ya kaki kutoka Nairobi, mwaka wa tisini na sita, na bosi wangu Bwana Nyangate, afisa wa biashara wa wilaya, akasoma ukurasa mmoja na nusu, akapiga miayo, akakitupa mezani pangu. Akasema mimi ndiye niliyepata alama nzuri za Kiswahili shuleni, kwa hiyo niwaandalie wafanyabiashara wa Kisii maelezo ya yaliyomo kwa lugha isiyowakwama kooni. Halafu akaenda kunywa chai.

Kijitabu kilieleza maneno makuu ya mkataba mpya wa mataifa kuhusu biashara ya huduma. Mpaka siku ile nilidhani biashara ya nchi na nchi ni majani chai yetu kupakiwa melini, basi. Kumbe wakubwa walikuwa wameketi huko Geneva wakakubaliana kwamba hata kumtetea mtu mahakamani, kumnyoa nywele na kumpima macho ni biashara, tena ina sheria zake. Kulikuwa na kanuni ya kutobagua wageni: nafuu unayompa mgeni wa nchi moja, wape na wa nchi nyingine. Kulikuwa na kanuni ya kumtendea mgeni kama mwenyeji, lakini katika zile kazi tu ambazo nchi yenyewe imeahidi. Na kulikuwa na njia nne za huduma kuvuka mpaka, ambazo ndizo zilizonitoa jasho.

Nilizieleza hivi. Njia ya kwanza, huduma inavuka yenyewe, huku mtoaji na mpokeaji kila mmoja amekaa kwake. Ya pili, mteja anavuka kuifuata. Ya tatu, kampuni inavuka na kufungua ofisi ugenini. Ya nne, mtu anavuka mwenyewe, ujuzi wake kichwani na sanduku lake mkononi.

Wakubwa wa Nairobi walitaka kila njia ipewe mfano wa nyumbani. Ya pili ilikuwa rahisi, maana kila mwaka tulichangia mtu wa kwenda India kutibiwa. Ya tatu nayo, benki za kigeni tulizipita mjini kila siku. Ya nne nilikuwa na mifano miwili ya karibu kabisa. Wa kwanza ni Hiren, mpimaji wa macho kutoka Rajkot, India, aliyekuja kufanya kazi katika duka la miwani la baba yake mdogo, Mzee Bhupendra. Wa pili ni kaka yangu Ogoti, ambaye yuko Minnesota akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee.

Lakini njia ya kwanza sikuwa na mfano. Kisii ya miaka ile, nani angenunua huduma kwa mtu asiyemwona uso? Hata fundi wa redio ulimkalia pale pale kibandani mpaka amalize, asije akang'oa kipuri.

Na ukweli ni kwamba akili yangu haikuwa kazini. Ilikuwa Nyamira, kwa mama.

Mama yangu, Nyanchera, anaishi kwenye mteremko nje kidogo ya mji wa Nyamira, na shamba lake la chai na migomba. Kila Sabato, tangu nikiwa mdogo, ndiye anayefundisha darasa la kina mama kanisani. Macho yalipoanza kumfifia hakumwambia mtu. Alimwita jirani Ijumaa jioni amsomee somo, naye akalishika kichwani, na kesho yake akasimama mbele ya wenzake ameifungua Biblia kana kwamba anaisoma. Akafanya hivyo muda mrefu, mpaka Sabato moja mwenzake akamwomba asome mlango mwingine, ambao hakuwa ameukariri. Akanyamaza na kitabu mkononi, na mtu akacheka nyuma. Wiki hiyo hiyo akawaambia wazee wa kanisa kwamba robo ile ya mwaka ikiisha wamtafute mwalimu mwingine.

Nilipopata habari nililia. Mama bila lile darasa simjui. Baba alipokufa aliamka Sabato iliyofuata akaenda kufundisha, na Ogoti alipopanda ndege akaenda kufundisha. Sasa anaacha kwa sababu ya macho, na mimi bintiye nimeolewa na mtu anayefanya kazi kwenye duka la miwani. Aibu hiyo ningeificha wapi?

Mume wangu ni Mogaka. Aliingia kwa Mzee Bhupendra kama mfagiaji na mwuzaji, na Hiren alipokuja, akampenda, akamfundisha kazi yote ya kupima, akamsukuma mpaka akafanya mtihani Nairobi akafaulu. Nyumbani kwetu Kiogoro tulichinja kuku wawili siku hiyo, na Hiren, ambaye hali nyama, alikula ndizi na sukuma wiki na kufurahi kuliko sisi.

Basi nikamleta mama mjini apimwe. Nilimwambia Hiren mapema kwamba huyu ni mama mkwe wa Mogaka, nikidhani nimemtendea mema. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Chumba cha kupimia ni kidogo, na pazia lake ni jeusi. Mpimaji hukaa kwenye kigoda, magoti yake karibu yaguse ya mgonjwa, taa huzimwa, kisha anakuletea uso mpaka mnasikiana pumzi, anakumulika ndani ya jicho. Sasa Hiren, kwao mkwe wa kiume ni mtu wa heshima kubwa, ni fahari ya mama mkwe. Akaona hii ndiyo nafasi ya kumpa mama yangu zawadi ambayo hataisahau. Mama alipoketi tu, Hiren akainuka kwenye kigoda, akainama kwa adabu, akamkalisha Mogaka mahali pake, akazima taa.

Mama akasimama gizani. Akatoka, akachukua mkoba wake kwenye kaunta, akamwambia Mzee Bhupendra kwa Kiekegusii kwamba amekumbuka ndama wake hajafungwa. Huyo, akaenda zake. Mzee Bhupendra alizaliwa Kisii, na anayajua mambo yetu kuliko vijana wetu wengi. Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

Kwetu, kati ya mama mkwe na mkwe wake wa kiume kuna heshima tunayoiita chinsoni. Si uadui, na si woga. Hawapeani mikono, hawakai benchi moja, na hawatazamani machoni. Mkwe haingii anapolala mama mkwe, wala mama mkwe hamkaribii akila. Tangu nilipoolewa, mama na Mogaka walikuwa wakisalimiana ng'ambo ya uwanja, na baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake. Mama humpikia kuku mzima na kumtuma mtu ampelekee. Ndivyo anavyompenda, kwa mbali. Na sasa mtu huyo huyo ameletwa gizani, goti kwa goti, pumzi kwa pumzi.

Nilikasirika na kila mtu. Nilimkasirikia Hiren kwa wema wake, na mama kwa ndama wake wa kusingizia. Nilimkasirikia zaidi Mogaka kwa kukubali kukaa kwenye kile kigoda. Akajitetea kwamba alipigwa na butwaa, na kwamba bosi akisema keti, unaketi. Nikamwambia angeanguka, angekohoa, angefanya lolote. Usiku huo alikula chakula kilichopoa.

Hiren alipoelezwa alitaka kwenda Nyamira siku hiyo hiyo kuomba radhi. Tukamzuia, maana radhi yenyewe ingekuwa aibu ya pili. Tukapanga tumwache mama apoe, kisha aje siku ambayo Mogaka hayupo.

Lakini kibali cha kazi cha Hiren kilikuwa kinaisha. Mzee Bhupendra alikuwa ameomba kiongezwe, na katika maombi akajisifu kwa moyo safi kwamba mtoto wa kaka yake amemfundisha Mkenya mpaka amefaulu. Aliona hiyo ni sifa. Jibu likaja lenye adabu zote: asanteni kwa kumfundisha mwananchi; kwa kuwa sasa yupo mwananchi anayeiweza kazi hiyo, mgeni afunge virago.

Mimi nilikuwa nimelitafsiri jambo hilo hilo wiki ile ile. Kijitabu kililiita kipimo cha mahitaji: mgeni anaruhusiwa iwapo tu hakuna mwenyeji wa kuifanya kazi. Ofisini niliona ni sheria nzuri, na bado naona hivyo. Ila sikuwahi kuiona ikimtazama mtu ninayemjua.

"Mwalimu mbaya angebaki," Hiren alituambia, akacheka kidogo. Alimwachia Mogaka sanduku lake la lenzi za kupimia, akaenda Nairobi kukamilisha mambo yake, na kutoka huko akapanda ndege. Mama alipopoa kiasi cha kukubali kuja tena, Hiren alikuwa ameshatua kwao.

Nikamwambia mama twende Kisumu, kuna wapimaji. Akanitazama, au tuseme alitazama mahali sauti yangu ilipotokea.

"Mkwe wangu ni daktari wa macho," akasema. "Nikipimwa Kisumu, watu watasema nimemwonaje?"

Kwa hiyo Mogaka hawezi kumpima, na mtu mwingine hawezi kumpima kwa sababu Mogaka yupo. Nilitamani kuwaandikia wale wa vibali: mmesema mwenyeji anaiweza kazi yote, lakini hapa Nyamira kuna raia mmoja asiyeweza kuhudumiwa naye. Bwana Nyangate aliposikia alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani yake. Robo ilikuwa inakwisha. Kanisani walikuwa wameshataja jina la mwalimu mpya.

Katikati ya hayo, siku ya mkutano wa wafanyabiashara ikafika. Ukumbi ulijaa, kwa kuwa kulikuwa na soda. Nikaeleza kutobagua, nikaeleza kufungua soko, nikaeleza ahadi za nchi na kwamba nchi ikishaahidi si rahisi kurudi nyuma. Nilipofika kwenye njia nne nikaiparamia ya kwanza haraka haraka, nikidhani nitaponea. Mzee Bhupendra akainua mkono.

"Mama Kerubo, hii ya pili, ya tatu, ya nne, mimi naelewa sana. Ya nne hata imeniuma. Lakini hii ya kwanza, nipatie mfano moja ya hapa Kisii. Moja tu."

Nikasimama kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. Nikasema kwa sasa sina. Mwenye duka la nafaka wa Nyakoe akasema basi njia hiyo ni ya Wazungu, na ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao huku nimefura ndani.

Jioni Mogaka na mimi tulikuwa tunatembea kurudi Kiogoro. Nilikuwa bado nimenuna, nikirudia maneno yangu mwenyewe kama anayetafuna mua uliokwisha maji. Mtoaji amekaa kwake. Mpokeaji amekaa kwake. Ni huduma inayovuka. Nikasimama barabarani, mwenye baiskeli nyuma yangu akanikwepa kwa matusi.

Nikamuuliza Mogaka kama mtu anaweza kupimwa macho bila mpimaji kumwona.

Akasema hapana. Hiren alimfundisha kwamba usipomulika ndani ya jicho unakisia tu. Akatembea hatua chache. Kisha akasema, "Labda kwa kuuliza. Unabadilisha lenzi, unauliza, unabadilisha tena. Mgonjwa mwenyewe ndiye anakuambia. Lakini hiyo inachosha, unaweza kukaa mchana mzima."

Nikamwambia mchana mzima tunao, Jumapili hatuna kazi.

Mama nilimweleza siku hiyo hiyo ya Jumapili, jikoni kwake, kabla Mogaka hajafika. Nilimwambia hatamwona, hatamgusa, na hataingia alipo yeye. Ukuta utakuwa kati yao, kama katika ile njia ya kwanza ya watu wa Geneva. Mama akachochea moto muda mrefu. Akauliza kama watu wa Geneva wanakubali jambo kama hilo. Nikamwambia ndio walioliandika.

"Basi wana adabu," akasema.

Jiko la mama ni nyumba yake peke yake, la udongo, na ukuta wa nyuma una dirisha dogo la moshi lisilopitisha hata kichwa cha mtu. Nilimkalisha mama mlangoni, uso kuelekea uwanjani, na chati ya herufi nikaitundika kwenye ukuta wa nyumba kubwa, ng'ambo. Mogaka alipita mbali, nyuma ya migomba, akaketi kwenye magogo ya kuni upande wa pili wa ukuta, sanduku la lenzi mapajani. Kutoka pale hakuiona chati wala mama. Lakini chati ile aliijua kwa moyo, kwa hiyo mama akikosea herufi angesikia.

Wakasalimiana kupitia ukuta, kila mmoja akamuuliza mwenzake habari za mvua. Kisha nikamvika mama ile fremu nzito ya kupimia, nikafunika jicho moja, na mkono wa mume wangu ukaingia dirishani na lenzi. Nikaichukua, nikaitia.

"Mama, hii," sauti ikasema kutoka nyuma. Mkono ukaleta nyingine. "Ama hii?"

"Ya kwanza," mama akajibu.

"Na hii, ama hii?"

"Hiyo. Hapana, ngoja. Ile nyingine."

Ikawa hivyo. Mwanzo mama alijibu kwa sauti ndogo, kichwa ameinamisha kama inavyotakiwa, mpaka Mogaka akamwomba ainue uso, kwa maana chati haiko chini. Mama akacheka. Sijawahi kumsikia mama akicheka na Mogaka karibu. Akainua uso. Akasoma herufi kubwa ya juu, akashuka mstari, akakwama, lenzi ikabadilishwa, akashuka tena. Mogaka hakuharakisha. Mama akisita, alingoja. Akikosea, alisema pole na kurudi nyuma, kwa upole ambao mimi nyumbani huupata kwa nadra, na nikaona wivu kidogo.

Walipomaliza jicho moja wakaingia la pili. Jua likavuka paa. Ndipo nilipotambua kwamba maneno waliyosemezana mchana ule yalizidi yote waliyowahi kusemezana tangu nilipoolewa, hata kama mengi yalikuwa hii ama hii.

Mwisho Mogaka akasema nimpe mama Biblia na nimwongezee lenzi za karibu. Nikamfungulia popote. Mama akaishika kwa mbali kama alivyozoea, kisha akaisogeza, akaanza kusoma, si kwa kukariri, maana alikuwa anajikwaa kwenye majina magumu na kurudia. Akasoma aya, akasoma inayofuata. Miwani yenyewe ilikuja kutengenezwa baadaye, ikafika kabla ya robo kuisha, na lile jina la mwalimu mpya halikutajwa tena. Lakini kwangu mimi alipona siku ile pale mlangoni.

Nikamwambia Mogaka kupitia dirishani kwamba tumemaliza, anasoma vizuri.

"Bado," mama akasema kwa sauti ya juu, ili isikike nyuma. "Hilo jicho la kushoto lina ukungu kidogo. Aulize tena."

Nikainama kulitazama jicho lake, nikashangaa, kwa sababu dakika ile ile alikuwa amesoma maandishi madogo kabisa ya pembeni mwa ukurasa. Nikamnong'oneza kwamba anaona sawasawa, kwa nini anamsumbua mtu wa watu.

Mama alikuwa anatazama ng'ambo ya uwanja, kwenye njia inayopanda kutoka barabarani, ile aliyoshukia Ogoti na sanduku lake. Akaniambia polepole, kwa sauti ya mimi peke yangu.

"Nimeona kitambo. Mtoto wangu wa kiume huko aliko anawauliza mama za watu kama wameona vizuri, kama wamekula. Mimi leo nami nimeulizwa. Mwache aulize."

Mkono wa Mogaka ulikuwa umeshaingia dirishani na lenzi, ukingoja. Nikaichukua, nikaitia kwenye fremu, na kutoka nyuma ya ukuta mume wangu akauliza, hii, ama hii, na mama akafikiri kwanza, kisha akamjibu.